Chupa ya Ishirini na Tano

Bia ikishafungwa kwenye chupa, ikae siku ngapi kabla ya kunywewa? Muulize mume wangu Apolinari, atakujibu bila kufikiri: ishirini na moja, hakuna msamaha. Ukimwambia kwamba hapa Mbagala joto ni kali, kwamba wiki mbili zinatosha na zaidi ya hapo chupa zinaweza kupasuka, atakutazama kama mtu aliyekuja ofisini kuomba ndugu yake aachiwe kabla ya siku. Alikuwa askari magereza miaka thelathini na miwili. Mtu akifanya kazi ya kufunga na kufungua kwa muda wote huo, hata chupa haoni kama chupa.

Mimi nilikuwa mwalimu wa Kiswahili, na kwa sababu hiyo nyumba yetu ina ugomvi wa ngeli usiokwisha. Yeye husema, "Wamelala vizuri leo." Mimi humwambia chupa si watu, zimelala, Baba Devota, zimelala. Hunijibu kwamba ningejua anayoyajua yeye nisingesahihisha. Miaka yote nilidhani huo ni utani wa mzee anayezeeka vibaya.

Tulipostaafu tukajenga hapa Mbagala Kuu nyumba ya vyumba vitatu, na uani tukaweka stoo ya tofali yenye mlango wa bati. Humo ndimo anamopikia bia ya ndizi. Ndizi huzifuata soko la Mabibo, huziivisha ndani ya gunia, huzikamua, huchanganya na mtama uliokaangwa na kusagwa, kisha huacha ndoo ichachuke siku tatu na kuichuja kwa kitambaa. Kwetu Bukoba mambo yanaishia hapo. Rubisi hunywewa leo na kesho, keshokutwa imekuwa siki.

Apolinari haishii hapo. Huitia kwenye chupa za bia zilizooshwa kwa maji ya moto, kijiko kimoja cha chai cha sukari kila chupa, na kugonga kizibo kwa mashine ya mkono aliyoinunua Kariakoo. Sukari ile ndiyo inayofanya kazi gizani. Hamira inakula na kupumua, na pumzi yake haina pa kutokea, inabaki mle mle ikisubiri. Ukifungua mapema unakunywa maji ya utamu. Ukifungua kwa wakati wake, povu linapanda taratibu na hata padri huomba glasi ya pili.

"Nani alikufundisha hii?" niliwahi kumuuliza.

"Nilijifunza kazini."

Nikacheka, nikamuuliza tangu lini magereza wanafundisha kupika pombe. Yeye hakucheka, nami sikufuatilia.

Kazi yangu mimi ni kuonja. Sijisifu bure, nina ulimi. Tangu nikiwa msichana, wanaume wa kwetu walikuwa wakileta kata ya kwanza kwangu. Nikisema tayari, ni tayari. Nikisema bado, ni bado, na sijawahi kuona mtu akibisha.

Mwaka huu Devota, binti yetu wa kwanza, alijifungua mtoto wa kiume, na ubatizo ukapangwa Jumapili ya mwisho wa mwezi. Apolinari akahesabu kurudi nyuma siku ishirini na moja, akagonga vizibo jioni ya Jumapili aliyoifikia. Kreti lina matundu ishirini na tano. Yeye hujaza chupa ishirini na nne tu. Inayobaki ndooni, husema, ni machicha, haifai kumpa mtu. Tundu la mwisho, la pembeni, hubaki wazi siku zote.

Kila asubuhi saa moja hufungua stoo na kuhesabu. Nami nikiwa jikoni humwita, "Idadi, afande?" Naye hujibu, "Ishirini na nne, wote wapo." Zote zipo, nasema mimi. Kisha tunakunywa chai.

Siku ya nane, Jumatatu, nilimwita akanyamaza. Nikaita tena. Nikatoka na mwiko mkononi, nikamkuta amesimama mbele ya kreti, kidole kimeganda hewani.

"Ishirini na tano," akasema.

"Ulijaza ishirini na nne."

"Najua nilichojaza. Hesabu wewe."

Nikahesabu kama nilivyowahesabisha watoto wa darasa la pili, kidole juu ya kila kizibo. Ishirini na nne. Tundu la pembeni lilikuwa wazi. Nikamwambia ana usingizi. Akaniomba tuhesabu pamoja, kwa sauti, kidole changu na chake vikienda sambamba. Tukaenda vizuri moja mpaka ishirini na nne. Mimi nikanyanyua kidole. Chake kikaendelea mbele, kikashuka ndani ya tundu tupu na kusimama hewani, palepale ambapo kizibo kingekuwepo.

"Ishirini na tano," akasema polepole.

Nilitaka kumtania, ila nikainama kwanza kuangalia. Ndani ya tundu lile, kwenye plastiki, palikuwa na duara la maji, ukubwa wa kitako cha chupa. Chupa ikitoka kwenye friji huacha duara kama lile mezani. Stoo yetu haina friji, na saa moja ile ukuta wa tofali ulikuwa umeshaanza kupata moto. Nikalifuta kwa khanga. Maji yalikuwa ya baridi kweli.

Tangu siku ile mume wangu akaacha kula. Alikuwa akikaa kwenye kigoda mbele ya stoo tangu chai mpaka jua linapozama, mkanda wake wa zamani wa kazi umefungwa juu ya msuli. Nilimpikia matoke ya nazi, akayageuzageuza. Nikampigia simu Devota nikamwambia baba yake ana malaria, maana ningemwambia nini kingine? Niliogopa. Sikuogopa mzimu mwanzoni. Nilikiogopea kichwa cha mume wangu, kwamba kinaniacha kabla ya mwili wake.

Ijumaa mchana, siku ya kumi na mbili, jirani yetu Mwanakombo akapiga hodi. Ni Mzaramo, mzaliwa wa hapa hapa Mbagala. Pombe haigusi, lakini hajawahi kutusema; husema kila mtu na kaburi lake.

"Mama Devota, mna mgeni?" akaniuliza hata kabla hajakaa.

"Mgeni gani?"

"Yule baba aliyechutama pale stoo. Nimepita uchochoroni nikamtolea salamu juu ya ukuta, kanitazama tu. Nikasema labda huyu wa bara sana, Kiswahili hakijui."

"Si Apolinari huyo?"

"Hebu, we! Mie Baba Devota simjui? Mzee mwenyewe alikuwepo, kakaa kwenye kigoda. Huyu kachutama mbele yake. Mwembamba, kavaa kaptura nyeupe, miguu mitupu. Kama anasubiri kuitwa jina."

Nilimwacha sebuleni nikaenda uani. Apolinari alikuwa peke yake, amekaa akitazama sakafu ya saruji. Mbele yake, hatua mbili hivi, sakafu ilikuwa na unyevu mahali pawili, sambamba, ukubwa wa nyayo. Jua la saa saba lilikuwa linakausha ule unyevu nami nikiuona ukipungua.

"Bado," akasema mume wangu. Hakuwa anasema nami. "Bado. Rudi mstarini."

Sijawahi kumsikia akitumia sauti ile nyumbani. Nikarudi ndani, nikamwambia Mwanakombo kwamba ni fundi. Akaniangalia, akafunga mtandio wake vizuri, akasema basi atapita siku nyingine.

Jumamosi jioni, jua likiwa bado juu ya mabati ya jirani, nilibeba kigoda changu nikakiweka mkabala na chake. Nikamwambia kwamba kesho ni siku ya kumi na nne, kwamba nimeolewa naye miaka thelathini na sita, na kwamba sitaondoka hapo mpaka aniambie ni nani.

Alifungua mkanda wake wa kazi, akauweka chini.

"Alikuwa anaitwa Revelian," akasema. "Mtu wa kwetu, wa Kamachumu. Alifungwa kwa kupika gongo, miezi kumi na minane."

Ilikuwa mwaka tisini. Tulikuwa tunakaa kwenye nyumba za askari, kusini, milimani, mahali ambapo ukungu unaingia mpaka jikoni. Mimi nilikuwa na Devota mchanga. Apolinari alikuwa karani wa rejista, yule anayekokotoa siku za watu kutoka.

"Mfungwa mwenye tabia njema anasamehewa theluthi ya kifungo," akaendelea. "Kumi na minane toa theluthi, inabaki ngapi, mwalimu?"

"Kumi na miwili."

"Kumi na miwili. Ilikuwa inaisha tarehe nne Desemba. Sasa sikia. Wakubwa walikuwa wamegundua huyu mtu anajua kupika bia ya ndizi ikakaa kwenye chupa na ikatoa povu. Wakampa ndoo, wakampa chupa, apike bia ya Krismasi kwa ajili ya bwalo la maofisa. Akapika. Mimi nilikuwa namlinda, nikijifunza. Tarehe nne, siku aliyotakiwa kuondoka, ndiyo siku aliyogonga vizibo."

Akasugua magoti yake.

"Mkuu akaniita. Akaniuliza, zikianza kupasuka, au zikiharibika, nani hapa anajua la kufanya? Nikasema ni Revelian peke yake. Akaniambia, karani, hesabu yako iangalie vizuri. Hakuongeza neno. Basi nikaiangalia. Ile theluthi nikaiandika pembeni kwa penseli badala ya kuitoa kwenye hesabu, ili kesho na keshokutwa ionekane nilisahau."

"Hukusahau."

"Sikusahau, Mama Devota."

Aliniambia jinsi walivyokuwa wakihesabiwa kila asubuhi kwa kuchutama kwenye mstari. Bweni la Revelian lilikuwa na watu ishirini na watano, naye alichutama wa mwisho, pembeni. Apolinari akimfikia, Revelian alimwambia kwa Kihaya, kwa sauti ya chini, asije akamwaibisha mbele ya askari wenzake: waitu, yaani ndugu yetu, mimi hapa ni wa ziada. Na Apolinari alimjibu: bado.

"Nilimwahidi wiki mbili. Nikamwambia siku ya kumi na nne tutaonja. Ikiwa tayari, unaondoka jioni ile ile, mimi mwenyewe nakusindikiza mpaka stendi. Siku ya kumi na nne nikachukua chupa moja nikaipeleka ionjwe."

"Ikawaje?"

"Ikaonekana bado."

"Nani aliyeionja?"

Akatazama mikono yake. "Mtu," akasema.

"Halafu?"

"Mvua zilikuwa kubwa, bweni linavuja. Akashikwa na homa. Nilimpelekea vidonge. Tarehe ishirini na mbili asubuhi nikahesabu ishirini na nne."

Niliingia jikoni nikaanza kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi, na nikiwa na glasi mkononi ndipo yaliponirudia yote, bila hata kuyatafuta. Mchana wa mvua. Mume wangu kijana mlangoni, ameshika chupa iliyofungwa kitambaa cha kaki kilicholowa. Devota mgongoni mwangu ananivuta nywele. Nilikunywa mafunda mawili, na nikaona fahari, nasema kweli, kwamba wakubwa wa gereza zima wanausubiri ulimi wangu.

"Bado changa," nilimwambia. "Iache ilale wiki moja zaidi."

Yeye hakuondoka mara moja. Alisimama pale, maji yanamchuruzika kofiani, akaniuliza, "Una hakika?" Nami nikamjibu tangu lini ulimi wangu ukasema uongo. Na Krismasi nilikunywa glasi mbili kwenye bwalo, nikawaambia wake wa askari wote kwamba mnaona, ilikuwa inahitaji wiki moja tu.

Nilitoka uani mikono ikinitiririka maji. "Ni mimi," nikasema.

"Wewe ulionja bia."

"Kwa nini hukuniambia? Miaka yote hii?"

"Ningekuambia nini? Wewe ulisema habari ya chupa. Mimi ndiye niliyekwenda nikaisema kwa mtu." Akafuta uso kwa kiganja. "Tangu hapo hakuna chupa yangu inayotoka kabla ya ishirini na moja. Nikiiachia moja siku ya kumi na nne, ni kama nakubali kwamba iliwezekana."

Nililia. Nililia kwa aibu zaidi ya huzuni, na yeye aliniacha nilie kwa sababu alijua hakuna la kunibembelezea.

Jumapili asubuhi, saa moja, nilikuwa nimesimama jikoni bila kuita. Nikasikia mlango wa bati, kisha kimya, kisha sauti ya mume wangu, nyepesi, ambayo sikuwa nimeisikia wiki nzima.

"Ishirini na nne."

Alihesabu mara tatu. Akaingia ndani, akaniambia ameondoka, hayupo, tundu liko tupu. Akala vipande vitatu vya mkate kwa mkupuo. Akaoga, akavaa shati lake jeupe, akaniambia twende misa ya kwanza tukamshukuru Mungu. Nikamwambia atangulie, mimi nitakwenda ya pili. Kwa furaha aliyokuwa nayo alisahau kufunga stoo. Ufunguo aliuacha ukining'inia kwenye kufuli.

Geti letu la bati lilipogonga nyuma yake, nyumba ikawa kimya mno. Nilitaka kwenda tu kuthibitisha, nitulie. Niliingia stoo nikaanza kuhesabu kwa kidole. Nilipofika ishirini na nne kidole changu hakikunyanyuka.

Ilikuwepo. Chupa ya kahawia, ya yale maumbo ya zamani yenye mabega marefu ambayo siku hizi huyaoni tena. Kizibo kilikuwa na kutu ukingoni, na kioo chote kilikuwa kinatoka jasho. Baridi yake niliisikia usoni kabla sijaigusa. Ilikuwa baridi ya ukungu, na ilinukia udongo wa mvua, katika stoo ya Mbagala mwezi ambao hatukuwa tumeona tone.

Basi nikaelewa. Mume wangu hakuwa ameachiliwa na mtu. Mzigo ulikuwa umehamia kwangu, mwenyewe. Ningeweza kufunga mlango na kusubiri siku saba, wageni waje, kelele zijae nyumba. Lakini nilijua kwamba kesho saa moja ningehesabu ishirini na tano, na keshokutwa, na kila asubuhi mpaka nizikwe, na kila asubuhi ningekuwa ninamwambia mtu yule neno lile lile kwa kunyamaza kwangu.

Nikaishika chupa. Nilipoinyanyua nikasikia nyuma yangu mtu anachutama. Sikugeuka. Nilisikia tu magoti yakilia, moja halafu jingine, na pumzi ya mtu aliyezoea kusubiri.

Kifunguo cha chupa kilikuwa kwenye msumari, na glasi ya kuonjea juu ya ndoo. Nikafungua. Pumzi iliyotoka ilikuwa ndogo, hafifu, na povu halikupanda. Nikamimina. Nikanywa mafunda mawili, kama siku ile.

Sukari. Sukari iliyokuwa haijaliwa bado, na nyuma yake maji ya ndizi. Ilikuwa changa. Hapa Mbagala siku kumi na nne zingeiivisha, lakini hii ilikuwa imelala kwenye baridi ya kule, na ulimi wangu uliniambia sawasawa ulivyoniambia mwaka tisini: bado. Nilikuwa nimesema kweli. Ninaapa kwamba nilikuwa nimesema kweli, na sikuona faida yoyote ya ukweli huo.

"Imeiva," nikasema.

Hakuna kilichotokea. Kreti lilitulia, baridi ikabaki palepale shingoni mwangu. Nikarudia kwa sauti, "Imeiva. Iko tayari." Nyuma yangu pumzi ile iliendelea, taratibu, bila haraka. Mtu aliyechutama huwa hanyanyuki mpaka aambiwe yeye. Nilikuwa nimesimama pale, mwalimu wa Kiswahili wa miaka thelathini na moja, bado naongea habari ya bia.

"Umemaliza," nikasema. "Revelian, umemaliza. Wewe ni wa ziada hapa. Siku yako ilifika zamani, na mimi ndiye niliyesema bado. Nisamehe, waitu. Nenda nyumbani."

Magoti yakalia tena. Nikasikia nyayo tupu kwenye saruji, zinapita pembeni mwa ndoo, zinatoka uani, hazikimbii. Komeo la geti likanyanyuka, bati likalia kidogo, kisha komeo likashuka. Nilipopata nguvu ya kuangalia chini, chupa niliyoiweka sakafuni haikuwepo. Palikuwa na duara la maji, nalo likakauka mbele ya macho yangu. Nikahesabu: ishirini na nne. Nikakaa juu ya ndoo mpaka Apolinari aliporudi kanisani akanikuta humo. Nilimweleza yote. Aliitoa glasi mkononi mwangu polepole, akaenda kuiosha.

Mwanakombo aliniambia Jumatatu kwamba alimwona yule fundi wetu Jumapili asubuhi akitokea kwetu, anaelekea barabarani. "Safari hii kaniitikia salamu," akasema. Nikamuuliza alijibuje. "Sikuielewa lugha. Ila kacheka, maskini. Ana meno mazuri."

Jumapili ya ubatizo nyumba ilijaa. Apolinari alizileta chupa zote ishirini na nne kwenye beseni la barafu, na hakuna hata moja iliyokuwa imepasuka. Devota akafungua ya kwanza, povu likapanda vizuri, akamimina kidogo akanipa kama kawaida.

"Onja, Mama. Tuambie tayari au bado."

"Wape watu wanywe," nikasema, nikamrudishia glasi.

Akashangaa, lakini wageni walikuwa wanasubiri. Wakanywa, wakasifu. Mkwe wangu, mume wa Devota, akainua glasi yake juani, akauliza bia tamu namna hii hukaa siku ngapi kwenye chupa. Apolinari akanitazama kutoka upande wa pili wa uani. Alikuwa anasubiri nijibu mimi.

"Ishirini na moja," nikasema. "Amezidi siku saba."

Devota akacheka mpaka akashika mbavu. "Mwalimu mzima, Mama? Amezidi? Chupa imezidi."

Watu wakacheka pamoja naye, na mjukuu wangu akaamka akaanza kulia. Nikampokea, nikambeba begani, nikasimama karibu na geti nikimtikisa mpaka alipolala. Sikujisahihisha.